Kwa Shangazi, Kisiwani Ukara

Historia tuliyoifundisha mashuleni ilipenda kwenda mahali penye makelele. Palipopiganwa vita, palipoketi mtawala, paliposhushwa bendera moja na kupandishwa nyingine, hapo ndipo somo lilipotua. Huku kwetu ziwani mtoto wa darasa la sita alijua kwamba Speke aliliona ziwa letu mwaka 1858 na kuandika kuwa linaitwa Ukerewe. Kwamba Stanley alifika mwaka 1875 na mashua yake, Lady Alice, akamwomba Omukama Lukonge wa Ukerewe mitumbwi ya kuvushia watu wake. Na kwamba Desemba mwaka 1877 wamisionari wawili kutoka Uingereza, Shergold Smith na O'Neill, waliuawa kisiwani humo katika ugomvi uliomhusu mfanyabiashara aitwaye Songoro. Yote hayo ni kweli, na nimeyaandika ubaoni mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu. Lakini kaskazini ya Ukerewe kiko kisiwa kingine, kidogo, kiitwacho Ukara, ambacho katika vitabu nilivyopewa nifundishie hakikuwa na hata aya moja. Nataka nikizungumzie hicho.

Ukara ina ukubwa wa kilomita za mraba 80 hivi. Sehemu kubwa ni majabali ya matale, mengine makubwa kuliko nyumba, na udongo wake ni mchanga uliotokana na majabali hayo hayo: mwepesi, wenye njaa, usioweza kumlisha mtu miaka mitatu mfululizo kama hautalishwa wenyewe. Ajabu ni kwamba katika miaka ya 1930 kisiwa hicho kilikuwa tayari na watu zaidi ya 200 kwa kila kilomita ya mraba, wakati upande wa bara mtu aliweza kutembea nusu siku porini bila kuuona moshi wa jiko. Mtu wa historia lazima aulize: watu hao waliishije? Na waliishije hapo hapo, kizazi baada ya kizazi, bila udongo kuwaishia mikononi?

Jibu nililiona utotoni kabla sijajua kwamba lilikuwa jibu. Shangazi yangu, kitinda mimba wa babu, aliolewa Ukara, na mara mbili au tatu nilipelekwa huko wakati wa likizo. Baadaye nikaenda chuo cha ualimu, nikawa mwalimu, kisha mwalimu mkuu, nikahamishwa huku na huku kama ilivyokuwa desturi ya kazi ile, na Ukara ikabaki kuwa mahali pa kwenda kwenye misiba. Tangu mwaka 2018, kwa sababu nitakayoieleza, shangazi haji tena kwetu. Anayetaka kumwona huvuka yeye.

Basi mwezi Juni mwaka 2023, shule zilipofungwa, tulivuka: mimi na mama watoto, binti yetu mkubwa na mumewe, na wajukuu watatu waliozaliwa Dar es Salaam. Meli ilitutoa Mwanza hadi Nansio, gari likatufikisha Bugolora, na kivuko kikatushusha Bwisya. Kutoka hapo tulipanda pikipiki mpaka njia ilipokuwa ya miguu tu.

Shangazi alitupokea amesimama, kwa fimbo. Ana umri wa miaka karibu 90. Ananiita baba, kwa kuwa nimerithi jina la baba yake, kwa hiyo nilimpa shikamoo yangu, akaitikia marahaba, halafu akanikaripia hapo hapo kama baba wa utani: "Baba, umekuja na watu wote hawa wenye mikono, na hukuwaambia kwamba leo shimo limejaa?"

Mkwe wangu ni mhasibu, kijana mwenye adabu, na nyumba ile ilimpendeza. Bwisya kuna umeme, lakini kwa shangazi kuna taa moja ya jua tu. Maji hutoka kisimani, choo kiko nyuma ya migomba, na jioni harufu ya dagaa wanaokauka hupanda kutoka ufukoni. "Baba," aliniambia, "hapa ndipo penye maisha ya asili." Sikumjibu kwa sababu tulikuwa tunakula. Lakini neno hilo la asili lilinikaa kooni kama mwiba wa sato, kwa maana katika boma lile hakukuwa na kitu cha asili isipokuwa mawe.

Mjukuu wangu wa mwisho, mwenye miaka 7, alikuwa wa kwanza kuingia katika nyumba ya pili, ile ya msonge yenye paa la nyasi, na alitoka mbio akisema kuna ng'ombe amezama. Hakuwa amezama. Katika nyumba za kale za Wakara sehemu moja ya sakafu huchimbwa shimo, la shangazi lina kina cha karibu mita moja, na humo ndimo ng'ombe anamoishi. Hatoki kwenda malishoni, kwa sababu malisho ya kwenda hayapo. Huletewa nyasi, majani ya miti, mabua na maganda. Asichokula hukikanyaga na kukilalia pamoja na samadi na mkojo wake, na kadiri siku zinavyokwenda kitanda chake huzidi unene naye hupanda juu kidogo kidogo, mpaka siku moja anakuwa sawa na watu wa nyumba. Hapo hutolewa nje, samadi hubebwa kwa makapu hadi shambani, naye hurudishwa chini kuanza upya. Hilo ndilo shimo lililojaa siku tuliyofika.

Na hizo nyasi hutoka wapi, katika kisiwa ambacho kila hatua ni shamba? Zamani Wakara walizilima kama chakula cha mtu. Karibu na maji walichimba mashimo mapana hadi kuufikia unyevunyevu, wakapanda humo majani ya ng'ombe. Miti nayo ilipandwa, na kila mti ulikuwa na mwenyewe. Mtu hakuweza kuvunja tawi la jirani na kusema ni la Mungu. Ardhi ilikuwa mali ya mtu binafsi, ikinunuliwa, ikiuzwa na kurithiwa, jambo ambalo wale wanaopenda kusema kwamba Mwafrika wa zamani hakujua umilikaji wa ardhi wangefaa kulichungulia kabla ya kuandika.

Shambani mlikuwa na mpango mkali kuliko ratiba ya shule. Zao kubwa la chakula lilikuwa uwele. Katikati ya uwele unaokua mkulima alisia mbegu za mmea wa jamii ya marejea, ukaota taratibu kivulini bila kumsumbua mwenyeji wake. Uwele ulipovunwa, mmea ule ukabaki peke yake ukastawi, kisha ukafukiwa kwa jembe ungali mbichi, ukaoza na kuwa chakula cha uwele unaofuata. Samadi ya shimoni iliingia kwa zamu yake, na njugu mawe kwa zamu yake, nazo ni za jamii ya kunde, zenye kuurudishia udongo nguvu. Penye mteremko waliweka kingo za mawe ili mvua isiondoke na shamba. Wasomaji wa umri wangu watakumbuka jinsi marejea yalivyohubiriwa kusini mwa nchi yetu na watawa wa Peramiho katika miaka ya 1980, na wengi wakayapokea kama elimu mpya. Ilikuwa elimu njema. Upya wake ndio wenye mashaka.

Ninasema hivi bila kutegemea kumbukumbu za kifamilia peke yake. Mwaka 1936 lilipotoka toleo la kwanza kabisa la jarida la Tanganyika Notes and Records, ndani yake mlikuwa na makala ya Thornton na Rounce kuhusu kisiwa cha Ukara na kilimo cha Wakara. Waliyaona mashimo ya ng'ombe, uwele, mmea wa kufukia, miti yenye wenyewe, wakayaandika kwa heshima. Kwa hiyo serikali ya kikoloni haikuweza kusema kwamba haikujua.

Sasa tazama kilichofuata. Ng'ambo ya maji, Usukumani, kuanzia mwaka 1947 serikali hiyo hiyo iliendesha mpango mkubwa wa kuhifadhi ardhi, wenye amri za kupiga matuta namna fulani, kupunguza mifugo, kulima hiki na kuacha kile, na faini kwa asiyetii. Watu walizichukia amri zile kwa moyo wote, na chuki hiyo ilikuwa mojawapo ya mambo yaliyowapeleka TANU, hata chama kikakatazwa kuwa na matawi katika sehemu za Jimbo la Ziwa kuanzia mwaka 1954 hadi 1958. Mambo yaliyolazimishwa kwa Msukuma kwa kiboko cha sheria, Mkara alikuwa akiyafanya nyumbani kwake bila bwana shamba hata mmoja. Mtu angedhani kwamba tofauti ni tabia: huyu hodari, yule mzembe. Wapo waliosema hivyo, weupe na weusi.

Hapa ndipo somo linapokuwa tamu. Wakara wengi walihama, kwa kuwa kisiwa hakikuwatosha. Walikwenda Ukerewe, wakaenda bara kulikokuwa na pori la kufyeka. Je, walifika huko na makapu yao ya samadi? Hasha. Watafiti waliowafuatilia katika miaka ya 1960 waliona kwamba mhamiaji wa Kikara, mara tu alipopata ardhi tele, aliliacha shimo, akaiacha mbolea ya majani, akawatoa ng'ombe nje wakachunge wenyewe, akalima kama majirani zake wapya. Alivuna kilo chache zaidi kwa kila saa ya jasho, na kwake hiyo ilikuwa hesabu nzuri. Mwanauchumi mmoja wa Denmark, Ester Boserup, alitoa kitabu mwaka 1965 akieleza jambo la namna hii kwa dunia nzima: watu wakiwa wengi na ardhi ikiwa finyu, kilimo huzidi kuwa cha bidii na ufundi; ardhi ikiwa nyingi, mtu hana sababu ya kujitesa. Sijui kama shangazi yangu alipata kusikia jina la mama huyo. Lakini nilipomuuliza kwa nini shemeji zake waliohamia Geita walizika desturi ile, alinitazama kama mtu anayemtazama mwalimu aliyechelewa kuelewa, akasema, "Nani atabeba mavi ya ng'ombe kichwani kama hajalazimika?"

Kwa hiyo tusimfanye Mkara malaika wa kilimo aliyezaliwa akipenda samadi. Alibanwa na maji pande zote, akafikiri, akafanya kazi kuliko watu wengi wa bara, na maarifa yake yalidumu kwa sababu kila siku kulikuwa na mikono ya kuyatenda. Udongo ule ni kitu kilichotengenezwa kwa mikono, sawa na mtumbwi au kibuyu. Ukiuacha misimu michache unarudi kuwa mchanga. Aniceti Kitereza wa Kagunguli aliona mapema kuwa maisha ya namna hii, ya shamba na jiko na ndoa, yanastahili kitabu kikubwa. Alikimaliza kwa Kikerewe mwaka 1945, na tafsiri yake mwenyewe, Bwana Myombekere na Bibi Bugonoka, Ntulanalwo na Bulihwali, ikapigwa chapa miaka kama 35 baadaye, yeye akiwa mzee wa kufa. Alifariki mwaka 1981. Huyo aliandika habari za Wakerewe. Wakara hawakupata Kitereza wao.

Na sasa mikono inapungua. Uwele umeachwa katika mashamba mengi, mihogo imechukua nafasi yake kwa kuwa haidai ulinzi wa ndege wala kapu la samadi, ingawa batobato nayo haikuihurumia. Ziwa lenyewe liligeuka. Sangara waliopandwa majini katika miaka ya 1950 na 1960 waliongezeka ghafla miaka ya 1980, wakawala furu karibu kuwamaliza, na kufikia miaka ya 1990 viwanda vya Mwanza vilikuwa vinasafirisha minofu Ulaya. Kijana aliyeweza kupata fedha ya usiku mmoja wa nyavu hakuona sababu ya kukata majani ya ng'ombe. Simlaumu. Mtoto wa kiume wa pekee wa shangazi yuko Geita, alianza na samaki akaishia kwenye mashimo ya dhahabu, na mkewe na watoto wako naye huko. Watalii wanaofika Ukara nao huonyeshwa jiwe linalocheza, hupiga picha, hurudi. Njiani wamepita kando ya kingo za mawe zilizowekwa na watu wasiojulikana hata majina, na wamedhani ni mawe tu.

Halafu kuna tarehe 20 Septemba mwaka 2018. Ilikuwa Alhamisi, watu walikuwa wanarudi kutoka gulio la Bugolora, na kivuko cha MV Nyerere kilipinduka kikiwa karibu kabisa na gati la Bwisya, watu wa nchi kavu wakiona kwa macho. Kilikuwa cha abiria 101. Waliokufa walikuwa 228, waliookolewa 41. Wengine walizikwa pale pale Bwisya, katika makaburi yaliyochimbwa kwa safu, na nchi nzima ikaomboleza siku nne. Katika kisiwa kidogo hakuna boma ambalo halikuguswa, ama kwa damu, ama kwa ndoa, ama kwa ujirani. Shangazi hakumpoteza mtoto, lakini kwa siku kadhaa alikuwa akitoka msibani kuingia msibani, na tangu siku zile hajakanyaga chombo cha majini. Ndiyo sababu nilisema anayemtaka huvuka yeye.

Hatukuwa tumevuka kwa salamu tu. Binti yangu na mumewe walikuwa wameandaa chumba Mwanza, chenye choo ndani, na walinitaka nimshawishi bibi yao ahame. Usiku wa pili nililitoa jambo hilo kwa taratibu zote, nikaanza na afya, nikaenda kwenye hospitali, nikamalizia na upweke. Shangazi alisikiliza mpaka mwisho. Kisha alisema kwamba kuhama hahami, na kwamba yeye naye alikuwa akitungoja kwa jambo lake.

Jambo lenyewe lilikuwa shamba lililo chini ya jabali, ambalo alilinunua zamani kwa fedha zake za dagaa, mumewe akiwa hai na akiwa ameridhia. Shamba la mumewe aliliacha kwa mwanawe kama desturi itakavyo, na hilo tayari lilikuwa limegeuka majani. Hili la kwake alitaka kumpa kijana wa jirani, mwana wa watu asiyekuwa ndugu, ambaye miaka minne amekuwa akimkatia majani ng'ombe wake, na mwenyewe ana ndama shimoni. Alitaka mimi, mtoto wa kaka yake na mtu wa kalamu, niandike na niwe shahidi.

Haikuwa rahisi. Tulimpigia simu mwanawe Geita, akakataa kwa sauti ambayo wote tuliisikia. Alisema ardhi haitoki nje ya ukoo. Binti yangu alimuunga mkono, mama watoto akamuunga mkono shangazi, na mimi nikakumbushia kwamba kwa Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 jambo kama hili lazima lipite kwa halmashauri ya kijiji, karatasi yangu peke yake haitoshi. Shangazi alichukua simu. "Mwanangu," alimwambia, "njoo ubebe kapu kwa msimu mmoja. Ukibeba, shamba ni lako, na huyu nitamwomba radhi mbele ya baba yako mdogo." Mwanawe alisema yuko kazini. Akasema atafikiri. Kisha salio likaisha, la kwake au la kwetu.

Asubuhi mkwe wangu alivua viatu vyake vya mji akajitolea kusaidia kulitoa shimo. Alibeba kapu la kwanza kwa kicheko, la pili kwa ukimya, na alipofikisha la tisa alikaa juu ya jiwe akaniuliza shamba zima huchukua makapu mangapi. Kijana wa jirani, aliyekuwa akipita na la kwake kichwani, alijibu bila kusimama kwamba inategemea mwaka, lakini hayapungui 200. Mhasibu alilitazama jabali, akatazama mteremko, na midomo yake ikawa inahesabu.

Mwenyekiti wa kitongoji alifika saa nne. Niliandika katika daftari la shule, nakala mbili, mipaka yote ikitajwa: jabali upande wa juu, mti wa mwembe upande wa machweo, kingo za mawe pande mbili. Shangazi aliweka dole gumba, kijana akaweka sahihi, mwenyekiti akaweka yake, nami yangu chini yao. Binti yangu hakutaka kuwa shahidi, na hatukumlazimisha. Nafasi ya jina la mwana aliyeko Geita nimeiacha wazi kwa agizo la shangazi, mpaka msimu wa mvua za vuli uishe.